Kona ya Nungunungu

Alikuwapo Fuko mmoja aliyechimba vichochoro chini ya ardhi, na wanyama wakawa wanashinda humo wakicheza kujificha. Siku moja Nungunungu akatoka analia, miiba imemkatika.

"Kona ya tatu inabana," alisema.

Fuko akaandika mlangoni, mbele ya wote: "Kona ya tatu inabana. Kosa ni langu."

Kicheche akamnong'oneza, "Ndugu yangu, unajianika. Nani atakuja tena?"

"Mimi sioni vizuri," Fuko akajibu. "Aliyeumia asiponiambia, nitajuaje?"

Kesho yake Nungunungu alirudi kwa aibu, akitaka kuyafuta malalamiko yake. Akaikuta kona imepanuliwa, na ukutani limeandikwa jina lake. Akalipapasa, akacheka.

Jioni Kicheche akamfuata Fuko kimyakimya.

"Ndugu yangu, mimi hukwama kwenye kona ya tano. Niliona haya kusema."