Alichokiona Kanyiva

Kanyiva aliliangusha koti la Mzee Kitheka sakafuni, akatoka chumbani.

Mzee alibaki kitandani chini ya mashine ya mionzi, nusu uchi, kibofu kikimuuma. Sasa hivi tu binti alikuwa akimtania. Simu ikalia ndani ya koti, akaitoa aizime, akasimama nayo karibu na skrini yenye picha za tumbo la mzee. Halafu akafanya hivyo.

Hofu ikamshika mzee. Siku ya kwanza Kanyiva alimweleza polepole: "Mzee, hii maji kunywa yote, na usiende choo. Kibofu ikijaa inasukuma matumbo kando, mionzi inachoma ugonjwa peke yake. Isipojaa, tunachoma penye uzima."

Na asubuhi ya leo mzee alikuwa amezidiwa, akaenda kujipunguza kidogo chooni. Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Nyumbani kwake Kalamba, Mbinya, mke wa mwanawe mkubwa, humpisha njiani akitazama chini kwa nthoni, haya ya mkamwana kwa baba mkwe, na hajawahi kuona hata goti la mzee. Wanawe wenyewe hawakujua anatibiwa nini wala wapi. Hata Nyamai, kitindamimba ambaye jina na picha yake ndivyo vilivyowaka simu ilipolia, aliambiwa ni mgongo.

Basi amejichoma mwenyewe, na Kanyiva ameona.

Kesho yake alipokewa na kijana aitwaye Kaloki.

"Yule msichana ako wapi?"

"Aliomba nikushughulikie mimi."

"Aliona nini kwa picha? Niambie ukweli, mimi ni mtu mzima."

"Picha ziko sawa, mzee. Lala, usitingishike."

Sawa gani? Siku nyingine walikutana kwenye ujia. Binti akajibana ukutani, uso chini, hata salamu hakutoa. Watu wa hospitali hawamtazami machoni mtu anayekufa, alijiambia. Tangu hapo alikunywa maji yote na hakupunguza hata tone, ingawa moyoni alijua amechelewa.

Mionzi ilipokwisha, daktari alimwambia amefanya vizuri. Hakuamini. Alirudi nyumbani, akamtembeza mwanawe mkubwa kwenye mipaka yote ya shamba.

Jumamosi Nyamai akaleta mchumba kutoka Migwani, pamoja na shangazi zake. Mzee alikuwa amemwomba Mungu amwachie walau siku hiyo. Akajikokota hadi langoni kuwapokea.

Shangazi wakampa mkono mmoja mmoja. Msichana akatoka njiani, akasimama pembeni, uso chini.

"Usishangae, Baba," Nyamai alisema akicheka. "Anakuonea nthoni kama Mbinya. Huyu ndiye Kanyiva."

Mzee Kitheka akaushika mkanda wa suruali yake kwa mikono miwili.