Ghorofa ya Nne, Nimepokea

Mafuriko yalikata umeme na mtandao, zikabaki redio za mkononi za kamati ya jengo, moja kila ghorofa na moja kwenye chumba cha pampu, zote zikisikilizana. Fundi bomba, aliyekwama chini kwenye chumba hicho, alibonyeza kitufe.

"Mke wangu, maji yamefika kifuani. Nisiporudi, ujue birika la mama yako halikuibwa. Nililivunja mimi."

Akaachia kitufe.

"Ghorofa ya kwanza, tumepokea," alijibu mwalimu, kama kamati ilivyoagiza kila ghorofa ijibu kila ujumbe.

"Ya pili, tumepokea. Pole, jirani."

"Ya tatu, tumepokea. Lile la maua?"

Ikabaki ya nne, nyumbani kwake fundi. Kisha ikaja sauti ya mama mkwe, taratibu.

"Ghorofa ya nne, nimepokea. Mkwe, maji yakipungua, panda juu."

Fundi akatazama maji. Yalikuwa yanapungua.