Chokaa ya Kufungulia Soko

Wewe unayesoma, uliwahi kupita mji wa Rumonge. Basi lilipopunguza mwendo, mwenzako akaanza kukueleza habari ya pale, nawe ukageuza uso upande wa ziwa, ukasifu maji. Leo hugeuzi.

Siku ile Cirhuza, mchoma chokaa wa pale, alikuwa anabomoa tanuru lake mwenyewe. Alitaka kuuza matofali, maana chokaa haikuwa na mnunuzi tena. Uhuru ulikuwa haujatimiza hata miaka kumi, redio ikasema kipindupindu kimeingia Afrika, kinafuata njia za maji, na soko likafungwa kabla mtu hata mmoja hajaugua. Ndagala, zile dagaa za ziwani, zikaoza mchangani. Mawese yakachacha mitungini. Nani apake nyumba chokaa, na chungu jikoni kimepinduliwa, hakuna cha kupika?

Sabine, mke wake, alikuwa ameacha hata kulalamika. Hilo ndilo lililomtisha Cirhuza. Mwanamke aliyekuwa akigombana na soko zima sasa alishinda mlangoni, anatazama miguu yake.

Akapita jirani yao Modeste, muuza mawese, ananukia sabuni, viatu vinang'aa.

"Eh, Modeste! Unaenda kuoa tena?"

"Nyamaza, Mukongomani wewe. Wafanyabiashara tunaitwa ku komini, kwa wakubwa wa serikali. Mukutano wa kufungua soko."

"Na mimi je?"

"Wanaita wenyeji tu. Wewe, hata chokaa yako ni makombe ya ziwa, haina makaratasi." Modeste akacheka, kisha akamhurumia. "Nitakusemea, ndugu yangu. Soko likifunguka, ukuta wa kwanza kupaka ni wangu."

Akaenda zake. Cirhuza akang'oa tofali jingine kwa nguvu, kwa wivu.

Jua halijasogea sana, lori likasimama. Akashuka mkubwa mmoja mwenye kofia.

"Chokaa iko?"

"Iko, bosi! Iko mingi! Nipe tu mpaka kesho niizime na maji."

"Usizime. Leta hivyo hivyo."

"Mbichi haipaki ukuta, bosi. Inababua ngozi."

"Nimekuuliza?"

Cirhuza akajijibu mwenyewe: ni ya vyoo vya soko. Wanasafisha kwanza, halafu wanafungua. Kumbe Modeste amemsemea kweli, tena upesi hivi! Akamwita Sabine, na Sabine akainuka, akakaza kitenge, wakapakia magunia pamoja mpaka nyusi zikawa nyeupe.

"Umezeeka, baba," Sabine alimwambia, akacheka. Cirhuza alikuwa amesahau kile kicheko.

"Wewe ngoja. Kesho utagombana na watu tena."

Akapanda juu ya magunia. Hakuna aliyemwamuru kupanda. Alitaka wakubwa wamwone, wamjue, mkutano mwingine wasimruke.

Lori halikwenda sokoni. Lilipita ofisi ya komini, ua mtupu, baiskeli za wafanyabiashara zimeegemezwa ukutani bila wenyewe. Likapinda kuingia kwenye michikichi. Askari walisimama kando ya shimo, pana kuliko choo chochote alichowahi kukiona. Basi, akawaza, choo cha soko zima. Wamejipanga safari hii.

"Shuka. Mwaga," mkubwa alisema.

Cirhuza akakumbatia gunia la kwanza. Akalisogeza ukingoni, akafungua kamba, akachungulia aone aanzie wapi.

Mkutano ulikuwa humo, wafanyabiashara wote, mikono imefungwa nyuma, na Modeste alikuwa bado anapumua.

Wamelala pale hadi leo, ndiyo ile habari uliyoigeuzia uso. Chukua jembe, wewe. Nenda sasa hivi, uwachimbue.