Koleo

Hodi ilipigwa mke wa kinyozi akiwa bado anamchua mumewe goti kwa dawa. Mlangoni alisimama binti asiyemjua, kavaa raba nyeupe.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa na hospitali, nimsaidie mzee mazoezi ya goti."

Sindano zilikuwa zimempa kinyozi nafuu ya muda tu, na upasuaji aliuogopa kama kifo. Lakini kwa binti huyu alikunja goti, akalinyoosha, hata akacheka.

"Mama watoto, ona vidole vyepesi! Vyako koleo."

Mke alicheka kwa meno tu. Goti lile alilichua miaka nenda miaka rudi. Kila asubuhi alimwinua mumewe kitandani kwa mikono hiyo hiyo. Leo imekuwa koleo! Wivu ulimchoma kama mwiba wa samaki.

Binti alipoaga, alimvuta mke kando. "Mama, paja lake limedhoofika kwa sababu unambeba. Akiinuka, usimshike. Niahidi."

"Nimeahidi," alijibu, ili mradi aondoke.

Jioni kinyozi alitaka kutoka kitini. Alinyoosha mkono kama kawaida yake.

"Njoo basi, koleo langu. Nani mwingine ataniinua?"

Moyo wa mke uliyeyuka. Goti lililia kama bawaba kavu, na ule mkono ukabaki hewani ukimngoja yeye, yeye peke yake.

Alifumbata mikono yake nyuma ya mgongo, akarudi hatua moja.

"Inuka, baba watoto."