Koti Lisilo na Mwenyewe

Kifungo cha tatu kilikataa. Jirani alivuta pumzi, akaingiza tumbo ndani, akajaribu tena. Koti la kijivu likalalamika mgongoni.

“Si lako, mama,” Pini alisema.

“Nani kasema? Shangazi yako kanishonea maisha yangu yote. Ni mwili tu umenigeuka.”

Tangu mazishi ya shangazi, hilo koti na sketi yake ndiyo nguo pekee iliyobaki dukani. Shangazi, ambaye hata waliomzidi umri walimwita shangazi, hakuandika jina la mteja hata siku moja. Kila nguo iliyokamilika aliipachikia kwenye kola, kwa pini, kipande cha nguo ya kwanza aliyowahi kumshonea mtu huyo. Watu waliokuja msibani walipitia kola moja moja. Mwalimu mkuu aliiona lesi ya gauni lake la harusi akaangua kilio. Kinyozi alitambua kaptura yake ya shule, akacheka huku machozi yanamtoka. Kila mtu aliondoka na nguo yake na hadithi yake ya shangazi.

Kola ya koti la kijivu haikuwa na kitu.

Ndilo lililomfunga Pini. Chuo cha uuguzi kilikuwa kinafungua Jumatatu. Alikwisha kuahirisha mara moja shangazi alipougua. Safari hii akichelewa, nafasi angepewa mwingine. Lakini ufunguo wa duka ulikuwa kwa baba mdogo, msimamizi wa msiba, mtu wa sauti ya upole isiyopingika.

“Nani kakuzuia, mwanangu? Nenda. Ila dada yangu hakuwahi kufunga duka na nguo ya mtu ndani. Mwenyewe akija akakuta kufuli?”

“Na asipokuja, baba?”

“Atakuja tu. Nawe ukimngoja, watoto wa shule wanataka sare. Mkono wako ni wake mtupu.”

Mkono wake mtupu. Aliambiwa hivyo kutwa, kwa mapenzi, na kila sifa ikawa fundo jingine. Alimpenda shangazi, na hakutaka kuzeekea kwenye kiti chake. Koti lenyewe hakulijaribu. Fundi havai nguo ya mteja. Kwa shangazi huo ulikuwa mwiko, na aliwahi kumfukuza msaidizi mzima kwa sababu ya blauzi. Hata pa kumlilia shangazi hakupata. Cherehani ilikaa jikoni, nyuma ya duka, dirisha la jikoni halikuwa na pazia, na kila mpita njia alichungulia kumpa pole na kuulizia zipu.

“Dirisha hili nalo!” alisema jirani, akipunga mkono kwa mtu wa nje. “Tangu ulipoletwa, mtoto wa kubebwa, halijavaa kitu. Nilikuwa namwambia shangazi yako, unavalisha mji mzima, dirisha lako linatembea uchi. Ananicheka tu.”

“Vua, mama, utalipasua.”

“Ngoja nione mifuko.” Alisukuma vidole. “Ona, mfuko wenyewe umeshonwa!”

“Umeshikizwa tu. Tunafumua mteja akija kuchukua.”

“Basi fumua. Mteja ndiye huyu.”

Pini hakuwa na nguvu ya kubishana. Alichukua wembe, akakata uzi. Mishono ilikuwa imepindapinda, ya shangazi alipokwisha kuugua. Jirani aliingiza vidole akatoa kipande kidogo cha kitambaa kizito, kilichopauka, chenye majani ya kijani. Kilikuwa kimechomekwa pini iliyokuwa bado inang'aa.

Pini alikitazama. Hakukijua.

Jirani alikigeuza upande huu na huu. Akatazama dirisha. 

“Pazia la jikoni,” alisema mwishowe. “Uliletwa usiku, umeviringishwa shuka la hospitali. Shangazi yako alilishusha palepale. Asubuhi ukaamka na gauni lako la kwanza.”

Kisha akaanza kufungua vifungo, polepole, asije akamharibia mwenyewe.