Usimtolee Mawe Yake

Tangu kiharusi kilipompooza mkono wa kulia, Bi Mwanaidi aliamka kila siku moyo ukimwenda mbio, akiogopa kitarudi. Chakula hakitaki, watu hawataki. Muuguzi akamwambia, "Shika kazi moja ndogo, uifanye polepole. Akili ikikimbia, irudishe hapo bila kuigombeza."

Akaomba ungo wa mchele. Kila asubuhi aliketi kibarazani akisukuma punje moja moja kwa mkono wa kushoto. Akipata kijiwe, alikitupa, akashusha pumzi. Mwezi haujaisha, akaanza kula.

Bintiye, Mashavu, akamwonea huruma. Mama ataabike hivi, na mimi nipo? Siku moja akauchambua mchele mapema kwa siri, usibaki na kijiwe hata kimoja.

Bi Mwanaidi akatafuta, akatafuta tena. Kifua kikaanza kumbana.

"Mashavu! Nani kaniibia mawe yangu?"

"Nimekusaidia, mama, usichoke."

"Umenisaidia nini, mwanangu? Nikitoa kijiwe kimoja, na hofu moja imetoka. Sasa leo nitoe nini?"

Mashavu akashuka uani, akainama, akaokota vijiwe, akaviosha na kuvirudisha kwenye ungo.

"Saba tu?" mama akauliza. "Bahili wewe!"

Wakacheka mpaka machozi. Kisha Mashavu akauinua ule mkono uliolala pajani, akauweka kwenye ukingo wa ungo, akauachia. Punje zikatikisika kidogo. Wote wawili wakazitazama.