Ng'ombe wa Mahari Hachechemei

Msafara ulikuwa umekwisha kuiacha Kavimvira, ng'ombe mbele, ndugu wa bwana harusi nyuma, na bwana harusi mwenyewe, Irakoze, macho kwenye kwato za ng'ombe.

Alfajiri alimwona baba yake mdogo, Ngendakumana, akikamua usaha kwenye kwato ya ng'ombe yule wa mahari. Kisha mzee akapasua vikaratasi vya buluu vya parasetamoli, akatwanga vidonge, akauzamisha mkono kinywani mwa ng'ombe hadi kiwiko. Ulitoka unaning'inia ute. Akaufuta kwenye koti la harusi.

"Baba mudogo, hiyo inaponesha kwato?"

"Haiponeshe kitu. Kidonda iko palepale, habari yake tu ndiyo haifike ku kichwa. Mpaka saa sita ng'ombe ni muzima. Kisha iko ya bakwe benyewe."

Na kweli, ng'ombe alitembea kama askari wa gwaride. Irakoze alihesabu kila hatua. Miaka minne ya kumpenda Providence ilikuwa imesimama juu ya kwato moja iliyooza. Wakwe wakigundua, hakuna ndoa.

Walipofika Mulongwe, mkono uleule ulimsalimia Osée, baba wa binti. Osée akachota karanga kwa kiganja hichohicho, akatafuna. Irakoze akageuza uso.

Walijiandaa kwa maneno marefu ya wakwe. Hayakuwapo. Osée hakuinama hata kuitazama kwato. Shangazi wa binti, Agnès, alitaka hotuba zikatwe na chakula wageni wakakile kwao.

"Tumalize mbele ya saa sita," alisema. "Jua litakuwa kali."

Ngendakumana akamkonyeza Irakoze: wajinga hawa.

Providence akatolewa, ameshikwa na wanawake wawili, anatabasamu. Upepo wa ziwa ulikuwa baridi, lakini shingo yake ilitiririka jasho. Haya za bibi harusi, Irakoze alijiambia, akajiona mchafu kuliko usaha ule.

Ng'ombe alilala chini saa nane, hakusimama tena. Walimchinja, nyama ikauzwa sokoni Kimanga. Ngendakumana alirudi kwake Katogota na koti lake. Osée hakudai ng'ombe mwingine, na jambo hilo lilimshangaza Irakoze hadi Jumatano, Providence alipofia hospitalini kwa homa ambayo daktari alisema ilikuwa na majuma matatu mwilini. Irakoze ndiye aliyelifungua fundo la kitenge cha marehemu. Ndani mlikuwa na vikaratasi vya buluu, vitupu vyote isipokuwa kimoja.